Dawa ya saratani ya matiti ya mama mdogo ndio hio hio nimepewa ya kushika mimba??

Nyar_Nyalenda
Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kabla sijameza kitu. Mimi na mzee wangu tumetafuta mtoto miaka miwili na nusu sasa, siku zangu huja zikitaka, mara baada ya miezi miwili mara mitatu, na skani ilisema ni PCOS, ile shida ya ovari ambapo mayai hayakomai vizuri. Juzi daktari wa wanawake hapa Kisumu akaniandikia letrozoli 2.5, kidonge kimoja kila siku kwa siku tano kuanzia siku ya tatu ya hedhi. Nikanunua kemisti nikaweka kwa pochi. Jana nikaenda Ahero kumjulia hali mama mdogo, yeye alitolewa titi mwaka juzi. Tukiwa kwa chai akatoa dawa zake kwa ule mkebe wa majani ambao huziweka, nikaona jina. Nikatoa zangu nikaziweka kando ya zake mezani. Boksi tofauti, kampuni tofauti, lakini jina ni lile, 2.5 ni ile, na vidonge ni vile vile vidogo vya njano. Mama mdogo akashika kifua akaniuliza polepole, "nyathina (yani mwanangu), na wewe wamekupata nayo?" Nilikosa jibu.

Sasa naulizeni, wa kemisti alinipa isiyo yangu? Ama daktari aliona kitu akanificha? Na kama hio dawa inaua homoni za kike, itanipatiaje mimba? Leo ni siku ya pili, kesho ndio natakiwa nianze.

Kijana_wa_Kondele
Dada USIMEZE. Kemisti zingine wakikosa ile imeandikwa wanakupatia yenye jina karibu na hio, mama yangu ashapewa dawa isiyo yake mara mbili. Rudi na karatasi ya daktari ulinganishe herufi kwa herufi.

Bi_Shabab
Niko Nakuru. Mimi nimezitumia hizo hizo. Mzunguko wa kwanza hakuna kitu, wa pili daktari akaongeza vikawa viwili kwa siku, wa tatu ndio huyu ananivuta leso nikiandika, ana mwaka na miezi minne. Hujakosewa dadangu. Hata mimi nilisoma kile kikaratasi cha ndani kikasema saratani ya matiti nikalia usiku mzima, na daktari hakuwa ameniambia lolote. Hapo ndipo huwa wanakosea, kuandika bila kueleza.

Mwalimu_Maseno
Msimtulize haraka. Hii dawa India iliipiga marufuku kwa wanawake wanaotafuta watoto, na mpaka leo ni marufuku. Kuna utafiti ulionyesha watoto wanazaliwa na kasoro. Na kampuni iliyoitengeneza yenyewe iliandikia madaktari barua isitumiwe kwa mambo ya mimba. Someni kabla ya kushauri.

Nyar_Nyalenda
Mwalimu sasa umenimaliza.

Mfamasia_Milimani
Nyar_Nyalenda tulia kwanza, nimetoka zamu sahii, wacha niandike yote kwa pamoja.

Hakuna aliyekukosea. Ni dawa moja yenye kazi mbili. Ilipitishwa Marekani 1997 kwa saratani ya matiti ikiitwa Femara, na huko ndio jina lake lilikozoeleka. Mwaka 2001 madaktari wa Toronto, Mitwally na Casper, wakachapisha kwamba inaamsha mayai kwa wanawake ambao klomifeni, ile dawa ya zamani ya kuamsha mayai, ilikuwa imewashinda. Tangu hapo madaktari wa wanawake wanaiandika, ila kwa boksi hilo tumizi halijaandikwa, ndio maana kikaratasi kinakutisha.

Haiui homoni. Inazuia kimeng'enya kinaitwa aromatesi, chenyewe ndicho kinageuza homoni za kundi la kiume kuwa estrojeni, yani homoni ya kike. Sasa mfikirie mama anayechungulia mtungi jikoni. Huyo ni ubongo, maji ni estrojeni, kisima ni ovari. Akiona mtungi umepungua anaita watoto kwa sauti waende kisimani. Wewe ukimeza zile siku tano mtungi unapungua ghafla, ubongo unapaza sauti (hio sauti ndio FSH), ovari inasikia, yai linaanza kukua. Ukimaliza siku tano dawa inaisha mwilini, kila siku mbili hivi nusu yake inatoka, kwa hivyo yai likija kujishikiza huwa karibu imekwisha.

Mama yako mdogo nadhani alishakoma hedhi. Kwake kisima kimekauka, hata ubongo ukipiga kelele hakuna wa kujibu. Lakini kuna matone bado yanadondoka kutoka kwa paa, yani estrojeni inayotengenezwa kwa mafuta ya mwili na ngozi, na ndio hio saratani yake ilikuwa inakunywa. Kidonge kila siku, kwa kawaida miaka mitano, kinaziba huo mfereji. Wewe siku tano yeye miaka mitano, hapo ndipo tofauti.

Mwalimu, barua ni kweli, ilitoka mwaka 2005. Ilitoka baada ya wasilisho kwa mkutano wa Montreal, watoto 150 wa letrozoli walilinganishwa na zaidi ya 36,000 waliozaliwa na akina mama wa kawaida, wengi vijana zaidi, ambao hawakuwa na shida ya kushika mimba. Ulinganisho haukuwa sawa. Mwaka 2006 Wakanada wengine wakaangalia watoto 911 wote wa mama waliotibiwa: kasoro zilikuwa 14 kati ya 514 kwa letrozoli, na 19 kati ya 397 kwa klomifeni. India walipiga marufuku 2011 wakaondoa 2017.

Mwalimu_Maseno
Nakubali, nilisoma ya 2011 nikaishia hapo. Lakini onyo la kutomeza ukiwa tayari na mimba bado lipo ama?

Mfamasia_Milimani
Lipo na ni la kweli kabisa. Kwa hivyo Nyar_Nyalenda, pima mimba kwanza asubuhi kabla ya kidonge cha kwanza, hata kama umeona damu. Mwenye PCOS anaweza kuona damu kidogo akadhani ni hedhi. Na upime kila mzunguko kabla ya kuanza.

Kijana_wa_Kondele
Sawa nimesikia, niliogopa tu kwa niaba yake.

Bi_Shabab
Kondele ulikimbia kama matatu ya saa kumi na mbili ikiona abiria 😀 Lakini kulinganisha karatasi na boksi ni jambo la maana, usiache.

Dereva_wa_Busia
Nimesoma kimya lakini acha niseme. Nyar_Nyalenda, mzee wako amepimwa? Mimi bibi yangu alikunywa klomifeni mizunguko sita, akapigwa picha ya mirija ile wanaweka dawa ndani akatoka analia, akapelekwa kwa mama wa mitishamba, miaka mitatu yote hio mimi nikiwa barabarani nikisema shida ni yake. Siku nilikubali kutoa mbegu zipimwe zikapatikana ni chache na hazitembei. Nusu saa tu ya kipimo. Niliomba msamaha nikiwa nimepiga magoti na bado naona haukutosha. Mtu asimeze hata kidonge kimoja kabla mume hajapimwa, hio ndio maoni yangu.

Nyar_Nyalenda
Hajapimwa. Nimemwonyesha hii post yako amesoma mara mbili akanyamaza. Nafikiri ataenda.

MamaChep
Naomba niingie hapa kwa sababu shida yangu ni kama hizo zenu mbili zimeunganishwa. Nina miaka 38, natoka upande wa Njoro. Saratani ya titi la kushoto, kipimo cha vipokezi, yani kile cha kuona saratani inalishwa na nini, kilisema estrojeni ndio, projesteroni (homoni nyingine ya kike) ndio, HER2 (protini ya seli) hapana. Nikafanyiwa upasuaji, nikapata kemo, hedhi ikakatika kabisa. Baada ya kemo, kwa hospitali ambayo sitaitaja, nikaandikiwa letrozoli kila siku. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nimekoma hedhi kabla ya kemo ama ni kemo iliikata, mtu alifungua faili akaandika akaita mwingine. Mwezi wa sita wa hio dawa nikaamka shuka imelowa. Damu nyingi kuliko hata nilivyokuwa msichana. Imekuja tena mwezi uliofuata. Sasa naona hapa mnasema hio dawa inaamsha mayai. Ina maana nimekuwa nikiamsha mayai miezi yote hii na saratani yangu inakula estrojeni??

Muuguzi_Mstaafu
MamaChep pole sana mwanangu. Usubiri kliniki ijayo? Hapana, nenda wiki hii. Kwa mwanamke ambaye ovari bado zina uhai letrozoli haipewi peke yake kwa saratani, ni lazima ovari zilazwe kwanza, kwa sindano ya kila mwezi ama kwa upasuaji, ama apewe tamoksifeni badala yake. Tamoksifeni haipunguzi estrojeni, inakalia kiti chake kwa seli ya titi estrojeni ikija inakosa pa kukaa, kwa hivyo inafaa hata kwa wenye hedhi. Nimefanya kazi wodi miaka 31 na kosa hili nimeliona zaidi ya mara moja, hasa kwa mama wa miaka 40 na kidogo ambaye kemo imemkausha kila mtu akadhani amekoma.

Bungoma_Moja
Lakini si lazima iwe ni letrozoli imemwamsha. Dada yangu kemo ilimkata hedhi ikarudi yenyewe mwezi wa kumi, na yeye hakuwa anakunywa chochote. Ovari zilikuwa zimelala tu. Kwa umri huo wa chini ya 40 mara nyingi zinarudi.

Mwalimu_Maseno
Ama ni mitishamba. MamaChep unakunywa kitu kingine? Soya nyingi, ama zile poda za kuuzwa sokoni za "kusafisha damu"? Kuna mimea yenye vitu kama estrojeni ndani.

MamaChep
Nakunywa uji wa wimbi wenye soya kila asubuhi tangu kemo, walisema niongeze nguvu. Na kuna unga wa mizizi mama mkwe aliniletea kutoka Kericho, kijiko kimoja kwa chai. Sijui ni mti gani.

Bi_Shabab
Na isije ikawa sio hedhi. Nina jirani alikuwa kwa tamoksifeni akaona damu wakakuta ukuta wa kizazi umenenepa. Uangaliwe na kizazi pia.

Mfamasia_Milimani
Hio ya ukuta wa kizazi ni ya tamoksifeni zaidi, letrozoli haina sifa hio. Lakini damu yoyote kwa mtu wa saratani iangaliwe, nakubaliana. Kwa MamaChep naona mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, ovari zilikuwa zinaamka zenyewe kama Bungoma_Moja anavyosema, halafu letrozoli ikazichapa mgongo. Kwa maneno ya ule mtungi wetu, kisima hakikuwa kimekauka, kilifunikwa tu. Soya ya uji sioni kama inaweza kufanya hivyo. Huo unga wa mizizi siuamini lakini pia siwezi kuuhukumu bila kuujua. Uache, na upeleke kidogo kwa karatasi umwonyeshe daktari.

Omba wakupime damu: estradioli (ndio estrojeni kuu) na FSH. Na kwa vile hedhi imerudi, mimba inaweza kuingia, tumieni kondomu. Usitumie vidonge vya uzazi wa mpango wala sindano ya miezi mitatu, hizo ni homoni.

Muuguzi_Mstaafu
Wacha niwape hadithi fupi, mimi hupenda asili ya vitu. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow anaitwa Beatson aliandika kwamba aliondoa ovari za mwanamke mwenye saratani ya titi iliyosambaa, na uvimbe ukanywea. Wakati huo hata neno estrojeni halikuwepo. Alipata wazo kwa wafugaji, walikuwa wanatoa ovari za ng'ombe ili maziwa yasikauke, akafikiri kumbe ovari na titi zina mazungumzo. Hayo yote ya aromatesi yalikuja baadaye sana. Kwa hivyo MamaChep wakikuambia sindano ya kulaza ovari usiogope, ni wazo la zamani lililopata njia ya upole. Ile ya gosereline ni kipunje kidogo kinaingizwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28. Sindano yake ni nene, waambie wakutie ganzi.

Dereva_wa_Busia
Ng'ombe tena! Baba yangu angependa huu uzi.

Nyar_Nyalenda
Nimerudi. Kwanza nilipima mimba, hakuna, nikaanza. Leo ni kidonge cha tatu, kichwa kinauma kidogo na jioni napata joto la ghafla shingoni. Pili ni kuhusu mama mdogo. Tangu aanze hio dawa analalamika vidole. Asubuhi hawezi kufungua kifuniko cha mkebe, anangoja jua litoke ndio vidole vikunjuke. Yeye anasema ni baridi ya mpunga, maji ya mashamba ya Ahero. Mimi sahii nafikiria ni dawa.

Bungoma_Moja
Ni dawa. Mama yangu ni hivyo hivyo, ilimuanza mwezi wa pili.

Mwalimu_Maseno
Ama ni umri tu? Mama yangu ana 66, hana saratani, hana dawa, na asubuhi nampigia vifungo vya blauzi mimi.

Muuguzi_Mstaafu
Inaweza kuwa dawa, viungo kukaza asubuhi ni kati ya malalamiko makubwa ya hizi dawa na ndio hufanya wengi waache kimya kimya. Inaweza kuwa umri. Inaweza hata kuwa homa ya mbu ile ya kuumiza viungo ambayo huacha maumivu miezi. Asiache dawa bila kusema! Kuna dawa mbili za ukoo huo huo, anastrozoli na eksemestani, mwingine akibadilishiwa anapata nafuu. Kutembea nako kunasaidia, hata kama mwanzo kunauma. Na mifupa: estrojeni ikiisha mifupa inapungua nguvu, kwa hivyo apimwe uzito wa mifupa, apewe kalsiamu na vitamini D. Omena anakula?

Nyar_Nyalenda
Omena ndio chakula chake 😀 na miiba yote.

Muuguzi_Mstaafu
Aendelee hivyo hivyo na miiba yote.

MamaChep
Nina swali naona haya kuuliza. Nina mtoto mmoja, Chep. Nilitaka wa pili kabla haya yote. Hio ndoto niizike?

Mfamasia_Milimani
Usiizike, lakini usiikimbize pia. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti unaitwa POSITIVE. Wanawake 516 wa miaka 42 kurudi chini, saratani ya vipokezi kama yako, hatua za mapema, walikunywa dawa ya homoni miezi 18 hadi 30 halafu wakasimamisha hadi miaka miwili watafute mtoto. Walisubiri miezi mitatu baada ya dawa ya mwisho. Kwa miaka mitatu hivi ya kufuatiliwa saratani haikurudi zaidi kuliko kwa wale ambao hawakusimamisha.

Bungoma_Moja
Miaka mitatu ni michache sana kwa saratani ya aina hio. Shangazi yangu ilimrudia mwaka wa kumi na moja. Tusimpe MamaChep matumaini ambayo hayajakomaa.

Mfamasia_Milimani
Ni kweli na waliofanya utafiti wanasema hivyo hivyo, bado wanawafuatilia.

Bi_Shabab
Mimi nasema mwenye mwili ndiye mwenye uamuzi. Amwulize daktari wa saratani na wa wanawake wakiwa chumba kimoja, sio huyu anasema hivi huyu vile, na yeye yuko katikati na faili.

Dereva_wa_Busia
Bi_Shabab kuna swali, mbona wewe hukupewa klomifeni kwanza? Bibi yangu alianzishwa hio.

Bi_Shabab
Nilipewa, miezi minne, ukuta wa kizazi ukawa mwembamba kama karatasi, daktari akasema hata yai likija halina pa kulala.

Mfamasia_Milimani
Klomifeni inakaa mwilini wiki kadhaa na inaziba estrojeni hadi kwa kizazi, kwa wengine ndio hivyo. Kwa PCOS kuna utafiti wa Marekani wa 2014, wanawake 750, hadi mizunguko mitano: waliozaa kwa letrozoli asilimia 27.5, kwa klomifeni 19.1.

Kijana_wa_Kondele
Kwa hivyo hata na hio nzuri zaidi, zaidi ya wawili kati ya watatu hawakuzaa?

Mfamasia_Milimani
Ndio, kwa hio mizunguko mitano. Swali zuri, na ni muhimu alijue kabla, asijilaumu mwezi wa kwanza ukipita.

Mwalimu_Maseno
Kuna mwalimu mwenzangu alipunguza kilo tisa tu, hakumeza kitu, siku zikanyooka. Labda hata vidonge havihitajiki.

Bi_Shabab
Na mimi nilikuwa kilo 54 mwembamba kama fimbo na bado nilikuwa nayo. PCOS haina umbo moja Mwalimu.

Nyar_Nyalenda
Siku ya 12 leo. Nimetoka skani asubuhi. Ovari ya kulia hakuna kitu, ya kushoto kuna moja, milimita 19. Daktari aligeuza kioo nikaiona, duara jeusi tu kama tone la wino. Nilimuuliza mbona hukuniambia ni dawa ya saratani, akasema alidhani ningeogopa. Nikamwambia niliogopa zaidi kwa kutoambiwa. Alikubali. Mzee naye alienda kupimwa jana, majibu kesho kutwa. Mama mdogo nimemweleza ile ya mtungi na kisima akaelewa kuliko mimi, sasa anaita dawa yake "ya kuziba paa" na yangu "ya kuamsha kisima". Vidole bado, atamwambia daktari wake tarehe 4.

Dereva_wa_Busia
Mwambie mzee wako kutoka kwangu, ameniheshimisha.

MamaChep
Nami nilienda. Safari hii nilikutana na daktari mwingine, mdogo sana kwa umri, akanisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa na karatasi nimeandika maswali ya hapa. Amesimamisha letrozoli kwanza, amechukua damu ya estradioli na FSH, ameomba skani ya kizazi, na ule unga wa mama mkwe ameunusa akasema hata yeye haujui. Nilipomwuliza ni nini kiliamsha ovari alisema inaweza kuwa kemo imeachilia, inaweza kuwa dawa, na huenda hatutajua. Kama estradioli iko juu tunaanza sindano ya tumbo. Ya mtoto aliandika kwa faili, kwa herufi kubwa, nikaona. Majibu ni Alhamisi.

Muuguzi_Mstaafu
Ganzi usisahau kuitisha.

MamaChep
Nimeiandika hapa juu ya mkono.